Upimaji wa wasiwasi wa kijamii

Upimaji wa wasiwasi wa kijamii kwa watu wazima ni njia ya kukadiria hofu anayoipata mtu anapotazamwa au kuhukumiwa na wengine, na jinsi inavyoathiri maisha yake.

Dodoso linalojulikana sana ni kipimo cha Liebowitz, kilichotolewa mwaka 1987 na Michael Liebowitz, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Lina hali 24, kama vile kula hadharani au kusema mbele ya watu. Kila hali hupewa alama 0 hadi 3 kwa hofu, na 0 hadi 3 kwa kuiepuka. Jumla ya juu ni 144. Dodoso fupi la SPIN la mwaka 2000 lina vipengele 17 na jumla ya juu ni 68.

Maswali hayo yanahitaji kutafsiriwa kwa kuzingatia mila. Kwa mfano, mkoani Katavi, kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee huenda anaonyesha heshima tu. Lakini anayenyamaza katika mkutano wa kijiji wakati shamba lake linajadiliwa, kwa sababu ya hofu tu, anapata hasara. Tena wakazi wengi huongea nyumbani Kisukuma, Kifipa, Kibende au Kipimbwe, hivyo mhoji hana budi kuhakikisha swali la Kiswahili limeeleweka.

Alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Uamuzi hufanywa na mtaalamu baada ya mahojiano.