Mfupa Ukiunga, Kazi Bado Haijaisha

Leo tutasoma habari za mifupa iliyovunjika, na jinsi watu walivyojifunza kuitibu.

Labda kijijini kwenu yuko mzee ajuaye kuunga mifupa. Hupapasa mguu kwa vidole, akaunyosha, akaufunga kwa vipande vya mti viitwavyo mabanzi. Katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales, walikuwako wazee wa namna hiyo, na ujuzi wao ulitoka kwa baba ukaenda kwa mwana. Mmoja wao, Evan Thomas, alihamia mji wa Liverpool, Uingereza. Wagonjwa walimpenda, lakini madaktari walimpinga, akashtakiwa mara kwa mara. Basi akawapeleka wanawe kusomea udaktari.

Mwana mmoja aliitwa Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834. Yeye aliunganisha ujuzi wa wazee na elimu ya chuo. Siku za Jumapili alitibu maskini bure. Alifundisha kwamba mfupa uliovunjika wataka kutulia muda mrefu. Akatengeneza banzi la chuma: pete moja juu ya paja, na fimbo mbili za chuma kando ya mguu. Mguu ulivutwa, ukafungwa chini, ukatulia. Alikufa mwaka 1891, na madaktari wengi walikuwa bado hawajalijali banzi lake.

Lakini alikuwako kijana wa ukoo wa mkewe, jina lake Robert Jones, aliyejifunza kazi kwake. Mwaka 1914 ikaja vita kuu. Askari aliyevunjwa paja kwa risasi alibebwa huku ncha za mfupa zikimchoma nyama, na damu ikimwagika. Wengi mno walikufa. Jones akahimiza banzi la Thomas litumike, na askari afungwe kabla ya kubebwa. Mwaka 1917, huko Arras, Ufaransa, walitibiwa majeruhi 1,009 wa paja. Waliokufa walikuwa kiasi cha 16 tu katika kila 100.

Je, kazi imekwisha? La. Mguu uliofungwa kwa miezi huwa mwembamba, na goti huwa gumu. Mtu amepona, lakini hawezi kulima wala kupanda ngazi.

Aliyelijua sana jambo hili ni muuguzi Agnes Hunt. Yeye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa nyonga tangu utoto. Mwaka 1900 alifungua nyumba ya kuuguza watu katika kijiji cha Baschurch, Uingereza, na watoto walemavu wakaletwa kwake. Baadaye Jones akawa anakuja huko kuwapasua. Lakini mtoto akirudi kwao bila mtu wa kumwangalia, mguu huweza kupinda tena. Kwa hiyo wauguzi wa Bibi Hunt wakaenda katika miji ya karibu, wakafungua zahanati ndogo. Hapo walikagua mabanzi, wakatazama mazoezi, na kuwafundisha wazazi. Mwaka 1927 akaanzisha na chuo, walemavu wajifunze kazi za mikono.

Siku hizi daktari aweza kutia chuma ndani ya mfupa, na wagonjwa wengine hupasuliwa asubuhi wakalala kwao usiku. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu hudhani kutoka hospitali ndiko kupona. Wako wanaokata plasta wenyewe kabla ya siku yake. Wako wasiorudi kufanya mazoezi kwa kuwa yanauma, au nauli ni ghali. Wewe usiwe mmoja wao. Kabla ya kuondoka hospitali, uliza: nirudi lini, na nifanye mazoezi gani nyumbani? Andika majibu, sasa unajua kuandika.

Wazee husema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi sharti atengeneze koleo jingine.

Maswali
1. Kwa nini Evan Thomas aliwapeleka wanawe kusomea udaktari?
2. Banzi la Thomas liliwasaidiaje askari?
3. Bibi Hunt alifanya nini ili miguu ya watoto isipinde tena?