Cheti cha mawakala wa forodha: jinsi vyuo, mamlaka za mapato na kampuni za mizigo zinavyofundisha pamoja

Kijana aliyemaliza shahada ya biashara au uchukuzi hufika katika kampuni ya kutoa mizigo akiwa anajua nadharia ya ushuru. Akipewa ankara, orodha ya vifungashio na bili ya shehena, aambiwe aandae tamko la forodha, hukwama. Mwenye kampuni humweka pembeni miezi kadhaa ajifunze kwa kuwatazama wenzake, au hamwajiri kabisa.

Malalamiko haya ni ya eneo zima. Mwaka 2014 magazeti ya Afrika Mashariki yaliandika sana kuhusu utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao yake Kampala, ulioonyesha kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu katika kila nchi kati ya tano zilizokuwa wanachama hawakuwa tayari kwa kazi. Takwimu za namna hii zichukuliwe kwa tahadhari, maana hutegemea waajiri waliohojiwa na maana waliyolipa neno "tayari". Lakini mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukwama kwa sababu ya karani asiyejua kazi haoni cha kubishia.

Katika kutoa mizigo pengo hilo lilishughulikiwa mapema, na kwa njia ambayo sekta nyingine bado hazijaifikia. Ni kupitia Cheti cha Afrika Mashariki cha Utendaji wa Forodha na Uwakala wa Mizigo, kinachojulikana kwa kifupi kama EACFFPC.

Kosa la karani linagharimu kiasi gani?

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 1 Januari 2005, ukiongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Kwa kawaida ushuru wa pamoja wa nje ni asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 liliongezwa kundi la nne la asilimia 35.

Tuseme kontena lina bidhaa zenye thamani ya dola 40,000 za Marekani hadi bandarini. Karani anaziandikia namba ya HS yenye ushuru wa asilimia 10, yaani dola 4,000, kumbe namba sahihi ni ya asilimia 25, yaani dola 10,000. Hapo pengo ni dola 6,000. Kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, nchi inayotoza asilimia 18 itakuwa imekosa dola nyingine 1,080. Jumla ni dola 7,080 kwa kontena moja.

Wengi hufikiri mzigo ukishatoka bandarini jambo limekwisha. Sheria inataka nyaraka zitunzwe miaka mitano, na forodha inaweza kurudi kukagua ndani ya muda huo. Ushuru uliopungua hutozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Zile dola 6,000 zikigunduliwa baada ya miezi 24, riba peke yake ni dola 2,880, kabla ya adhabu nyingine. Kufikia hapo bidhaa zimeshauzwa kwa bei iliyopigwa kwa hesabu ya asilimia 10, na faida imeshatumika.

Nani analipa? Kifungu cha 147 cha sheria hiyo kinamhesabu wakala kuwa kama mwenye mali katika kudaiwa ushuru, na kifungu cha 148 kinambana mwenye mali kwa matendo ya wakala wake. Kwa hiyo kumtupia wakala lawama hakumwondolei mwagizaji deni.

Nani anafundisha?

Cheti hiki ni cha pande mbili. Upande mmoja ni mamlaka za mapato za nchi wanachama pamoja na Kurugenzi ya Forodha ya Jumuiya iliyopo Arusha. Upande wa pili ni wenye biashara yenyewe: Shirikisho la Vyama vya Mawakala wa Mizigo Afrika Mashariki (FEAFFA), lililoanzishwa mwaka 2006 na lenye makao Nairobi, pamoja na vyama vya kitaifa kama TAFFA ya Tanzania, KIFWA ya Kenya na UFFA ya Uganda. Kwa upande wa vyuo, Tanzania ina Chuo cha Kodi cha TRA kilichopo Dar es Salaam, na Kenya ina chuo cha mapato cha KRA, maarufu kama KESRA.

Wakufunzi hutoka pande zote mbili: maofisa wa forodha walio kazini na mawakala wenye uzoefu. Mwanafunzi anajifunza sheria ya forodha, uainishaji wa bidhaa, uthamini, kanuni za uasili na taratibu za kusafirisha mizigo. Ofisa anamweleza sheria inasema nini. Wakala anamweleza ni wapi nyaraka hukwama na kwa nini. Mhitimu wa shahada hupata humo kile ambacho chuo kikuu hakikumpa, na mtu aliyejifunzia kazi mlangoni mwa bandari hupata msingi wa sheria ambao hakuwahi kuusoma.

Kwa nini wenye kampuni walikubali?

Swali hili ndilo lenye funzo kwa sekta nyingine. Mwajiri mmoja akitumia fedha kumfundisha kijana, jirani yake anaweza kumchukua kwa kumwongezea mshahara kidogo. Kila mmoja akiogopa hivyo, hakuna anayefundisha, na wote wanalalamika kuwa hakuna wafanyakazi. Chama kinapofundisha kwa niaba ya wote, hofu hiyo hupungua, kwa kuwa hata anayehama anabaki ndani ya sekta.

Jambo la pili ni leseni. Leseni ya wakala wa forodha huisha 31 Desemba kila mwaka, na mwombaji hupimwa pia kwa ujuzi wa watumishi wake. Mafunzo yakifungwa kwenye leseni, kampuni haiyachukulii tena kama hisani kwa vijana. Makubaliano mengi kati ya vyuo na viwanda huishia kwenye picha ya kutia saini kwa sababu yamekosa kitu cha kuyalazimisha.

Mfumo wa Himaya Moja ya Forodha, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, uliongeza haja hiyo. Kodi ya mzigo unaokwenda Kigali au Kampala hulipwa katika nchi unakokwenda kabla haujaondoka bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Wakala wa Kampala hana budi kuelewa kinachofanyika Mombasa, na wa Mombasa kuelewa mfumo wa kompyuta wa Uganda. Cheti kinachotambulika nchi moja tu kisingetosha.

Madereva na wasafirishaji je?

Huku hatua ni fupi zaidi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, hufundisha madereva wa magari makubwa pamoja na wataalamu wa uchukuzi. Chuo hicho kimo katika mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2018 kwa vyuo vya Ethiopia, Kenya na Tanzania, ambao unavitaka vyuo kushirikiana na waajiri katika kupanga mitaala.

Hata hivyo dereva wengi bado hujifunzia kwenye utingo. Wanajua barabara kuliko mwalimu yeyote, lakini si wote wanaojua kusoma nyaraka za mzigo wa transiti, au namna uzito unavyogawanywa kwenye ekseli. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Gari linaweza kuwa chini ya hapo na bado likakamatwa mizani kwa sababu ekseli moja imezidi.

Mfanyabiashara afanye nini?

Kwanza, kabla ya kumkabidhi wakala nyaraka, aulize leseni ya mwaka huu, kisha aulize ni nani hasa atakayeandaa tamko na kama ana cheti. Kampuni inaweza kuwa na leseni safi huku kazi ikifanywa na kishoka anayekaa nje ya geti.

Pili, mwajiri ajue anacholipia tayari. Tanzania Bara, mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kuanzia Julai 2023 ilikuwa asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA. Kenya, mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa mamlaka ya NITA, na anaweza kuomba kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Fomu za madai hayo si nyepesi, lakini kampuni yenye watu thelathini isiyodai inaacha mezani fedha yake yenyewe.

Tatu, kupokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wengi hupewa kazi ya kupeleka faili na kuchemsha chai, wakarudi chuoni na barua yenye muhuri. Kampuni inayotaka kumjua kijana kabla ya kumwajiri impe faili za mizigo iliyokwisha kutoka, aandae upya matamko yake tangu mwanzo, kisha yalinganishwe na yaliyopokelewa forodha. Hakuna mzigo unaohatarishwa, na ndani ya wiki mbili mwenye kampuni atakuwa ameshajua kama anafaa kupewa mzigo wa kweli.