Kosa la Mmoja, Adhabu ya Bonde Zima

Leo tunakwenda mbali, mpaka kaskazini-magharibi ya Ireland, katika wilaya ya Donegal. Huko kuna bonde liitwalo Derryveagh, mahali pa milima, maziwa na udongo haba. Jirani yake ni Gartan, ambako kwa mapokeo ya Kanisa ndiko alikozaliwa Mtakatifu Columba mwaka 521, yule aliyevuka bahari mwaka 563 akapeleka Injili Uskoti. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulilisikia jina lake mara nyingi. Lakini habari za wakulima wa Derryveagh hatukufundishwa, nazo ndizo tunazotaka kuzisimulia leo.

Wakulima hao walikuwa akina Sweeney, akina Bradley, akina Doherty na jamaa nyingine. Walikuwa watu wa mashamba madogo. Walipanda viazi na nafaka kidogo, wakafuga mifugo yao mlimani. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo walikata udongo mweusi wa kinamasi, wakaukausha juani na kuuwasha mekoni. Walikuwa wamepitia njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1849, wakati viazi vilipooza mashambani na watu wapatao milioni moja wakafa katika Ireland nzima. Walionusurika wakashika majembe tena.

Lakini ardhi haikuwa yao. Ilikuwa ya tajiri, nao walimlipa kodi. Mtu aliweza kulima alipolima babu yake, na bado sheria ikamruhusu mwenye ardhi kumpa notisi na kumtoa.

Kati ya mwaka 1857 na 1859 nchi ile ilinunuliwa na Bwana John George Adair. Alileta kondoo wengi, na wachunga kondoo kutoka Uskoti. Kondoo wakaanza kupotea na wengine kufa, lawama ikawaangukia wakulima. Uhasama ukaota mizizi. Kisha Novemba 1860 msimamizi wake, James Murray, alipanda mlimani asirudi. Baada ya siku mbili maiti yake ilionekana. Alikuwa ameuawa.

Wapenzi, tusiufunike uovu huo. Damu ya Murray ilikuwa damu ya mtu, naye aliacha mjane. Serikali ilichunguza, lakini hakuna hata mmoja aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji yale. Bwana Adair hakungoja mahakama. Alisema kwamba wakulima wanamjua muuaji na wanamficha, basi wote watoke.

Wakati huo katika Gartan kulikuwa na kasisi wa Kanisa la Ireland, ambalo ni la ushirika wetu wa Kianglikana, jina lake Henry Maturin. Kulikuwa pia na padre wa Kanisa Katoliki, Daniel Kair. Tukumbuke kwamba siku zile Waprotestanti na Wakatoliki wa Ireland walitazamana kwa macho makali. Wakulima wengi wa Derryveagh walikuwa Wakatoliki, kondoo wa zizi la Padre Kair. Hata hivyo kasisi wetu hakusema, hawa si wangu. Watumishi hao wawili waliwatetea watu pamoja, wakamsihi Bwana Adair asiwaadhibu wasio na hatia. Hakukubali.

Tarehe 8 Aprili 1861 ofisa wa mahakama alifika na askari wapatao 200, pamoja na vibarua wenye mitaimbo ya kubomolea. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane mwenye watoto. Walitolewa nje, na paa likashushwa. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Familia 47 zilitolewa, watu 244 kwa jumla, na 159 kati yao walikuwa watoto. Magazeti ya wakati ule yalisimulia habari za mzee mmoja ambaye, alipokuwa akitoka kwa mara ya mwisho, aliibusu miimo ya mlango wake. Mkewe na watoto wake wakafanya vivyo hivyo.

Jambo hilo lilifika Bungeni London mwaka ule ule, lakini Bwana Adair alikuwa na sheria upande wake. Watu wengine walipokewa na jamaa zao. Wengine waliingia katika nyumba ya maskini mjini Letterkenny, mahali palipoogopwa kuliko njaa yenyewe. Ndipo watu wa Ireland waliokuwa wamehamia Australia wakachanga fedha, na mwaka 1862 vijana wengi walisafiri kwa meli iitwayo Abyssinian mpaka Sydney. Wazazi waliowaaga hawakutazamia kuwaona tena.

Katika nchi ile Bwana Adair alijenga ngome ya mawe kando ya ziwa, miaka ya 1870. Alifariki mwaka 1885 akiwa safarini Marekani, bila kuacha mtoto. Sheria ya mwaka 1881 iliwapa wakulima wa Ireland kinga zaidi, na ile ya mwaka 1903 iliwasaidia wengi kununua mashamba waliyoyalima. Kwa watu wa Derryveagh msaada huo ulikuja umechelewa. Leo nchi ile ni hifadhi ya taifa iitwayo Glenveagh, na kila mtu aweza kutembea humo. Kuta za nyumba zisizo na paa zingali zikionekana.

Tunaposikia habari hizi twamkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Twamkumbuka pia Ibrahimu, aliyesimama mbele za Bwana akiuombea mji wa Sodoma, akiuliza kama mwenye haki ataangamizwa pamoja na mwovu. Swali lile lingefaa kuulizwa Derryveagh. Lafaa kuulizwa na kwetu pia. Mara ngapi kijana mmoja ameiba, nasi tukasema ukoo wao wote ni wezi? Mara ngapi tumemnyima mama chumvi kwa sababu ya kosa la mwanawe? Ni rahisi kumshangaa Bwana Adair kwa kuwa yuko mbali. Lakini alilotenda yeye kwa askari 200, sisi twaweza kulitenda kwa ulimi tu.

Kasisi Maturin na Padre Kair walishindwa, na nyumba zilianguka. Je, kazi yao ilikuwa bure? Sisi hatudhani hivyo. Yule mzee aliyeubusu mlango wake aliondoka akijua kwamba watu wawili walisimama mbele ya mwenye nguvu wakasema hana hatia. Kila mmoja wetu aweza kumfanyia jirani yake hilo, hata jirani wa kanisa jingine.

Tuombe. Ee Bwana, mwamuzi wa haki, utuzuie tusimtwike mtu mzigo wa kosa la mwenziwe. Utupe ujasiri wa kumtetea asiye na mtetezi, hata tunapojua kwamba hatutasikilizwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.