Karakana Isiyo na Paa

Wasee, kabla hujapiga selfie mbele ya darasa lililoandikwa jina la mheshimiwa, hebu tuongee.

Nimekulia huku Uriri, ile barabara ya Kisumu kwenda Isebania, ukishapita Awendo. Nyuma ya shule niliyosomea msingi kuna kuta nne bila paa. Sisi tulizifanya goli. Siku moja nikamuuliza nyanya kama ile nyumba iliungua. Akacheka sana. "Hiyo ni karakana yetu ya 8-4-4!"

Kumbe story ni hii. 8-4-4 ilipoanza Januari 1985, watoto walitakiwa wajifunze useremala na sayansikimu. Silabasi ilitoka Nairobi, lakini majengo yakaachiwa wazazi. Nyanya alibeba mchanga kutoka mtoni kwa kichwa. Babu akauza mbuzi wawili. Kuta zikapanda, pesa ikaisha kabla ya mabati.

Na hawakuwa wageni kwa hiyo kazi. Wajaluo walikuwa na saga: leo tunalima kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu ngwatio. Kwa hivyo Kenyatta alipopaza sauti ya Harambee mwaka wa 1963, alikuwa anaita kitu watu walikijua tayari. Hata kabla ya uhuru, Wakikuyu waliogombana na wamisheni walijijengea shule zao, wakafungua chuo cha walimu pale Githunguri mwaka wa 1939. Mkoloni akakifunga 1952. Ikafika miaka ya sabini, shule za upili za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Hebu fikiria hiyo. Watu wa jembe walijenga kuliko serikali.

Lakini tusidanganyane, haikuwa tamu yote. Karo ya madarasa ya chini ilifutwa 1974, na shule zikaanza kudai pesa ya jengo. Hujalipa? Mtoto anarudishwa nyumbani. Kuna machifu waliochukua hadi kuku wa mtu kwa jina la harambee. Hiyo sio kujitolea, hiyo ni kodi yenye wimbo.

Ndio maana 2003 watu walifurahi: shule ya msingi bure, zaidi ya watoto milioni moja wakaingia darasani, na pesa ya CDF ikaanza kujenga. Nyanya akapumzisha kichwa chake.

Shida ni kwamba mchanga ulipoondoka kichwani, sauti pia iliondoka. Darasa letu jipya lilikuja limeshachorwa. Wazazi waliitwa siku ya kukata utepe, wakapewa soda. Milango na madirisha yote yanatazama upande mvua inakotokea. Ikinyesha saa tisa, darasa la nne wanasukuma madawati ukutani na somo linaisha. Nyanya angewaambia bure kabisa, ameishi hapo miaka hamsini.

Juzi nilimpeleka kwenye zile kuta. Akagonga jiwe kwa fimbo, akasema bado ni ngumu. Kisha akanituma nikahesabu inahitaji mabati mangapi.