Harufu ya Sukari Iliyoungua

Fumba macho kidogo. Tuko mwezi wa saba, kiangazi, na kwenye kiwanja cha parokia kuko kermesse. Mbele hata ya kuona kitu, pua imekwisha kujua: vitumbula ndani ya mafuta, michopo juu ya makala, vumbi jekundu waliyomwagia maji, moshi wa mazutu wa jenereta inayozungusha farasi za mbao. Na juu ya yote, sukari inayoungua polepole. Mimi nimepita miaka 40, lakini harufu hiyo ikitoka jikoni, narudia palepale mutoto wa miaka 7, nimeshika mukono wa baba.

Wenye elimu ya ubongo wanaeleza jambo hili vizuri. Tunachoona na tunachosikia vinapita kwanza njia ndefu ndani ya kichwa. Harufu, yenyewe, inafika haraka karibu na fasi ubongo unapochunga hisia na kumbukumbu. Njo maana inaamsha mambo ambayo hata picha haiamshi.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza: «Mwalimu, barbe à papa ilitoka wapi?» Nilidhani ni swali ya kuchekesha. Kumbe lilikuwa swali la historia, tena la historia yetu.

Neno kermesse lilitoka kwa Waflamandi: ni misa ya sikukuu ya kanisa, nyuma yake watu wanakula na kucheza. Lakini ile sukari nyepesi sawa pamba, ambayo Wafaransa wanaita «ndevu za baba», ni ya Marekani. Mashine yake ilitengenezwa na William Morrison, munganga wa meno (ndiyo, wa meno!), pamoja na John Wharton, mutengenezaji wa pipi. Walipeleka mashine kwenye maonyesho makubwa ya Saint Louis, mwaka 1904, na kuuza visanduku zaidi ya 68.000.

Sasa tusimame hapa. Kwenye maonyesho yaleyale, mwaka uleule, kulikuwa Mukongomani mumoja kijana, jina lake Ota Benga. Samuel Verner alimuleta kutoka Kongo ya Leopold wa Pili ili watu wamutazame, pamoja na wenzake. Watu walifurahia meno yake yaliyochongwa. Mwaka 1906, kule New York, walimuweka ndani ya nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx. Wachungaji weusi wa muji walipinga kwa nguvu mpaka akatolewa. Bustani ile iliomba musamaha mwaka 2020 tu.

Wala haikuwa Marekani peke yake. Mwaka 1897, kule Tervuren, Ubelgiji, Wakongomani 267 walionyeshwa. Saba walikufa na kuzikwa kulekule. Hata mwaka 1958, kwenye maonyesho ya Bruxelles, kulikuwa tena kijiji cha Wakongomani.

Nyuma ya Bronx, Ota Benga aliishi Lynchburg, katika Virginia. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbako. Vijana wa pale walimufuata porini. Aliwafundisha kuwinda na kutafuta asali. Alitamani kurudi kwao, lakini vita ya 1914 ilifunga njia ya bahari. Mwezi wa tatu 1916, aliwasha moto kwa desturi ya kwao, na siku ile akajitoa uhai.

Mimi ninafikiri sana juu ya ule moto. Muji ulinuka tumbako, porini kulikuwa harufu ya asali, lakini siku ya mwisho alichagua moshi wa nyumbani. Sisi tunarudi utoto wetu kwa sukari. Yeye alirudi kwao kwa kuni.

Je, tukataze watoto ndevu za baba? Hapana. Furaha ya mutoto haina kosa. Mwaka huu pia nitawapeleka wangu kermesse, tutakula vitumbula mpaka vidole vingae mafuta. Lakini tukirudi, nitawahadizia Ota Benga, ili harufu ileile ichunge mambo mawili: furaha yao na jina lake. Wazee wetu hawakuandika vitabu vingi. Kumbukumbu walizifunga ndani ya nyimbo, ndani ya vyakula, ndani ya moshi. Na sisi tufunge hii ndani ya sukari.