Kuziba si kujaza

Kwa daktari wa meno tunakwenda kuziba jino, hatuendi kulijaza. Vitenzi hivi viwili visichanganywe. Mtungi hujazwa maji. Ufa wake huzibwa. Tundu la jino laweza kujaa na bado likavuja pembeni.

Tofauti hiyo ni kipimo kizuri cha kulinganisha resini za kuzibia meno. Resini huwekwa ikiwa laini, kisha humulikwa kwa taa ya buluu mpaka igande. Ikiganda hunywea, mara nyingi kwa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ikijibandua kwenye ukuta wa jino, mate na bakteria hupenya. Ndiyo maana resini ya kawaida hupangwa kwa matabaka ya milimita 2, kila moja likimulikwa peke yake. Zipo zinazowekwa hadi milimita 4 kwa mara moja. Huokoa muda, lakini zile za majimaji kwa kawaida huhitaji kufunikwa kwa resini ngumu zaidi upande wa kutafunia.

Waandishi wa afya, shikeni “kuziba”. Kitenzi hiki kinataja kazi nzima: tundu lijae, na njia ya bakteria ifungwe.