Sandarusi Chini ya Rangi: Historia ya Samani Kuukuu

Katika miaka ya karibuni pamezuka mijini mwetu biashara ndogo inayopendeza macho. Kijana hununua kabati kuukuu mnadani, au kwa familia inayohama, akalikwangua kwa msasa, akalipaka rangi ya maziwa au samawati iliyofifia, kisha akabandika milangoni nakshi za maua zilizochapwa kwenye karatasi nyembamba. Karatasi huondolewa, maua hubaki juu ya ubao, na tabaka la vanishi hufunika vyote. Kabati lililokuwa likingoja kuwa kuni hupata mwenyewe. Nimewasikia wasomi wenzangu wakiibeza kazi hii kuwa ni uigaji wa anasa za Wazungu, jambo lisilotuhusu. Nadhani wamekosea, na kosa lao si dogo. Ufundi huo ulikulia Ulaya na Marekani, ni kweli. Lakini kwa muda mrefu ung'aavu wake ulitegemea kitu kilichochimbwa kwenye mchanga wa Mrima.

Tuanzie Venice, katika karne ya 18. Wakati huo matajiri wa Ulaya walikuwa wamepumbazwa na makabati ya laki kutoka China na Japani, ambayo bei yake ilikuwa juu mno kwa mtu wa kawaida. Mafundi wa Venice wakabuni njia ya mkato. Walipaka ubao rangi, wakakata picha zilizochapwa kwenye karatasi, za ndege, maua, wawindaji na Wachina wa kufikirika, wakazigandisha kwa gundi na kuzifunika kwa vanishi tabaka juu ya tabaka, hadi kidole kikipita juu yake kisihisi ukingo wa karatasi. Kiwanda cha uchapaji cha familia ya Remondini, katika mji wa Bassano, kilichapa picha za kukatwa kwa kazi hiyohiyo. Ufundi huo umepewa jina la lacca povera, yaani laki ya kimaskini. Jina lenyewe linasema yote: uzuri ulikuwa na tabaka, na aliyeupata kwa karatasi alikumbushwa kwamba hakuupata kwa haki. Vanishi yao mara nyingi ilitokana na utomvu wa mti wa Afrika Kaskazini uitwao kwa Kiitaliano sandracca. Neno hilo ni la ukoo mmoja na neno la Kiarabu sandarus, ambalo ndilo lililotupa sandarusi yetu.

Waingereza walikuwa wameanza mapema kidogo. Mwaka 1688 John Stalker na George Parker walichapisha kitabu cha kuwafundisha watu namna ya kuiga laki ya Japani nyumbani, na kazi hiyo ikawa sehemu ya malezi ya mabinti wa watu wenye nafasi. Hatua kubwa zaidi ilikuja Liverpool. Mwaka 1756, John Sadler na Guy Green walikula kiapo kwamba tarehe 27 Julai, ndani ya saa sita, walikuwa wamepamba vigae zaidi ya 1,200 kwa kuhamisha picha kutoka kwenye karatasi. Mchoraji wa mkono asingefikia hata sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Na tusisahau Liverpool ya mwaka huo ilikuwa bandari ya namna gani: meli zilizotoka gatini pale zilikuwa zikienda Afrika Magharibi kununua watu.

Kutoka kwenye vigae, nakshi za kuhamisha zilienea hadi kwenye mbao na chuma. Msomaji anayedhani hajawahi kuziona na aitazame cherehani ya Singer ya bibi yake. Yale maua na michirizi ya dhahabu juu ya weusi unaong'aa hayakuchorwa kwa mkono. Ni nakshi za kuhamisha, zilizobandikwa kiwandani juu ya rangi nyeusi ambayo Waingereza waliiita kwa jina la Japani, kisha zikafunikwa kwa vanishi. Nyumba nyingi za pwani na bara zilikuwa na ufundi huu sebuleni zamani, kabla mtu yeyote hajauita mtindo.

Lakini kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha Connecticut, Marekani. Katika miaka ya 1820, Lambert Hitchcock alianzisha kiwanda cha viti katika kijiji kilichokuja kuitwa kwa jina lake. Viti vyake vilikuwa vya mbao za kawaida. Vilipakwa rangi nyekundu kisha nyeusi ili vifanane na mbao za thamani, halafu migongoni vikawekewa matunda na majani kwa kutumia karatasi zilizotobolewa na unga wa shaba uliopakazwa juu ya vanishi ambayo haijakauka vizuri. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya mapambo ilifanywa na wanawake. Jina lililoandikwa nyuma ya kiti, hata hivyo, lilikuwa la Hitchcock. Mwaka 1829 alifilisika, akainuka tena, na leo viti vyake vinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Sasa tuulize: vanishi bora za zama zile zilitoka wapi? Mafundi wa magari ya farasi na wa samani nzuri walitaka vanishi ngumu isiyochunika, na utomvu uliosifika kuliko karibu yote mingine uliitwa katika masoko ya dunia kopali ya Zanzibar. Zanzibar yenyewe ilikuwa bandari tu. Mali ilitoka ng'ambo, Mrima, katika ukanda wa pwani kuanzia pande za Pangani hadi kuipita Rufiji. Ni utomvu wa miti ya msandarusi iliyokufa zamani sana na kuacha machozi yake ardhini yakakauka na kuwa kama jiwe. Watu wa vijiji vya pwani waliuchimba, hasa baada ya mvua kulainisha ardhi, kwa majembe madogo, shimo baada ya shimo. Waliutofautisha kwa majina mawili: sandarusi yenyewe, iliyokomaa ardhini, na chakazi, utomvu mbichi uliotoka kwenye miti hai au uliokaa ardhini muda mfupi. Richard Burton, aliyepita huku mwishoni mwa miaka ya 1850, alieleza jinsi wafanyabiashara wa kigeni walivyoliharibu neno chakazi hadi likasikika kama neno la Kiingereza la punda. Kwa hiyo katika orodha za bei pakawa na kopali ya punda, na hakuna aliyejiuliza punda alihusika vipi.

Wamarekani waliifuata sandarusi hiyo kwa bidii. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kule Salem palikuwa na kiwanda cha kuiosha na kuondoa ganda lake la nje, kabla haijauzwa kwa wapikaji wa vanishi. Hawa waliiyeyusha kwa moto mkali kupita nyuzi 300, wakaichanganya na mafuta ya kitani na tapentaini, kazi iliyokuwa hatari na mara nyingine iliyozua moto.

Ninapowaeleza wanafunzi habari hii huwa naona nyuso zikibadilika. Tumezoea historia ya karne ya 19 ya pwani yetu kuwa historia ya watumwa, pembe na karafuu, na ni sawa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyobeba uzito wa damu. Ila ukubwa wa mambo hayo umefunika vibarua vingine. Pembe ya ndovu ilionekana kwenye piano. Mtu angeweza kuigusa na kuuliza imetoka wapi. Vanishi haionekani. Kazi yake ni kuonyesha kitu kingine, na ikifanya kazi vizuri hakuna anayeikumbuka. Maelezo ya makumbusho hutaja aina ya mbao, fundi na mwaka, na aghalabu huishia hapo.

Baadaye mzigo ulihamia kwingine. Katika karne ya 20 kopali ya Kongo, iliyokusanywa na wanavijiji wa misitu ya kinamasi ambao wengi wao walihitaji fedha za kodi ya serikali ya Kibelgiji, ililijaza soko. Kisha viwanda vya kemikali vikaleta utomvu wa kutengenezwa, na biashara yote ikafifia. Katika miaka ya 1940, vita vilipozifanya samani mpya kuwa adimu, Peter Hunt wa Provincetown, Massachusetts, aliwafundisha Wamarekani kuokota samani mbovu na kuzipaka maua na malaika. Kampuni ya kemikali ya DuPont ikashirikiana naye, maana ilikuwa na rangi za kuuza. Mtindo anaoufuata kijana wetu wa mnadani unafanana sana na ule. Tofauti ni kwamba kopo lake la vanishi halina tena mchanga wa Mrima ndani yake.

Nina neno moja kwa watumishi wa umma, ambao najua baadhi yao husoma hapa. Ofisi zetu huuza kwa bei ya kutupa meza za mninga na mvule zilizodumu miongo mingi, zikanunua za mbao za unga zinazovimba zikiguswa na maji. Fundi wa Keko angezikwangua na kuzipaka upya meza zile zikatumika miaka mingi zaidi. Jambo hilo halihitaji semina wala mshauri mwelekezi.

Na kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu: nyaraka nyingi za wafanyabiashara wa Salem zimehifadhiwa katika maktaba ya Makumbusho ya Peabody Essex, na Unguja tunayo Nyaraka ya Taifa. Sandarusi ilipimwa kwa frasila, kila frasila takriban ratili 35. Lakini usiishie kwenye karatasi. Msandarusi bado unaota katika misitu ya pwani yetu, na katika vijiji vilivyo jirani na misitu hiyo wapo wazee. Waulize kwanza mti huo wao wanauitaje.